Vinanda Vilipopata Lugha Moja



Vijana wa kwaya yetu wameanza kujifunza kurekodi nyimbo kwa kompyuta, na tangu siku ya kwanza wamekutana na neno midi. Wengi wetu tunalifahamu kwa mbali. Walimu wa kwaya hutumiana nota pamoja na faili za midi, na mwanakwaya asiyejua kusoma nota huisikiliza sauti yake humo mpaka aishike. Je, jambo hili lilitoka wapi, nalo lina nafasi gani katika nyumba ya Mungu?

Turudi nyuma karibu miaka elfu moja. Huko Arezzo, Italia, aliishi mmonaki aitwaye Guido. Zama hizo nyimbo za Kanisa zilirithishwa hasa kwa kusikia, na mwimbaji alikaa miaka mingi miguuni pa mwalimu ili azikariri. Guido alizipanga nota juu ya mistari, akazipa silabi ut, re, mi, fa, sol, la. Tangu hapo wimbo uliweza kusafiri bila mwimbaji wake. Karatasi ya nota haina sauti. Inamwagiza mwimbaji tu la kufanya.

Midi ni mjukuu wa karatasi ile. Ilipofika miaka ya 1970, vinanda vya umeme vilikuwa vimeenea, lakini kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kuviunganisha. Kinanda cha kampuni hii hakikuelewana na cha kampuni ile. Ilikuwa Babeli ya vinanda. Mwaka 1981 Mmarekani Dave Smith, akishirikiana na Chet Wood, aliwapelekea wahandisi wa sauti pendekezo la lugha moja kwa vyombo vyote. Huko Japani, Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa kampuni ya Roland, alikuwa na shauku hiyohiyo, na kampuni za Yamaha, Korg na Kawai zikaungana nao. Januari 1983, katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, kinanda cha Prophet-600 kilichotengenezwa na kampuni ya Smith kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 cha Roland. Kimoja kilipopigwa, kingine kiliitika.

Tuzingatie jambo hili, wapendwa. Wale walikuwa washindani wa biashara, lakini hawakuitoza lugha hiyo ada. Kila mtengenezaji aliruhusiwa kuitumia. Ndiyo maana imedumu. Wawili hao walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Kakehashi alifariki mwaka 2017 na Smith mwaka 2022, ila lugha waliyoiasisi bado inasemwa katika programu nyingi za kurekodi.

Inasemaje? Unapobonyeza kinanda kilichounganishwa na kompyuta, hakipeleki sauti kwa njia ya midi. Hupeleka namba: nota ipi imebonyezwa, kwa nguvu gani kati ya 0 na 127, na kupitia chaneli ipi kati ya 16. Do ya katikati ya kinanda, kwa mfano, ni namba 60. Kwa kuwa ni maagizo tu, mwanafunzi aliyekosea nota moja huisahihisha bila kurudia wimbo mzima. Hupunguza mwendo bila kushusha sauti, na kilichopigwa kama filimbi hukigeuza kuwa fidla. Aweza hata kuiamuru programu izisogeze nota zake ziangukie sawasawa juu ya mapigo.

Hapo ndipo tunapopaswa kuwa na kiasi. Wimbo uliosahihishwa mpaka usiwe na doa waweza pia kukosa pumzi. Aidha, wapo wanaouliza: kama kompyuta yaweza kupiga kinanda, kwa nini isipige katika Misa pale mpigaji asipofika? Kanisa lilikwisha kulitafakari swali la namna hii. Agizo juu ya muziki mtakatifu la mwaka 1958 lilikataza kabisa vyombo vinavyojipiga vyenyewe katika liturujia, hata kwa kuwasaidia waimbaji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulifungua mlango kwa vyombo mbalimbali vinavyofaa matumizi matakatifu, lakini ulisisitiza ushiriki hai wa waamini. Sababu si woga wa mashine. Sadaka ya sifa hutolewa na mtu mzima, mwenye moyo na pumzi, hapo hapo alipo. Mashine haina cha kutoa.

Basi msimamo wetu ni huu. Midi itumike kufundishia sauti, kuhifadhi tungo za walimu wetu na kurekodi. Siku mpigaji asipofika, tuimbe bila kinanda. Hakuna Misa iliyopungukiwa kwa sababu waamini waliimba kwa vinywa vyao wenyewe. Nanyi vijana, jifunzeni kwa bidii, na mnachokijua msikifiche, kwa kuwa hata lugha hii ya namba tuliipokea kutoka kwa watu waliokubali kugawana.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, atuombee. Tuwatakie Dominika njema.