Suti ya Mpira na Akina Mama wa Jeju

Mwulize mzamiaji yeyote (nazungumzia wanaozama na mitungi ya hewa mgongoni, si wale wazamiaji wetu wa melini) ile suti nyeusi ya mpira inamkingaje na baridi. Wengi watakwambia hivi: maji kidogo yanaingia ndani, joto la mwili linayapasha, na maji hayo ndiyo blanketi. Nililisikia jibu hilo Nungwi kwa kijana anayefundisha watalii, tena alilisema kwa kujiamini kabisa. Kumbe aliyebuni suti yenyewe alikuwa na hoja nyingine. Na mkasa wake ukiufuata unakufikisha kwa akina mama wa Korea, ambao miili yao ilikuwa na uwezo mmoja ambao baadaye ulitoweka.

Tuanze na tatizo. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa. Ndiyo maana hata Zanzibar, kwenye bahari ya nyuzi 26 au 27, mtu akikaa chini muda mrefu hutoka anatetemeka, na wengi huvaa suti ya milimita 3. Sasa fikiria California, ambako bahari inaweza kushuka hadi nyuzi 12. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walikuwa wamepata kifaa cha kupumulia chini ya maji. Pumzi ikapatikana, baridi ikabaki pale pale. Dawa ya siku zile ilikuwa vazi la mpira lisilopitisha maji, linalovaliwa juu ya nguo za sufu. Likitoboka tu, sufu inalowa na kazi imekwisha.

Hapo ndipo anapoingia Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley. Wakati wa vita alikuwa Los Alamos, kwenye mradi wa bomu la atomiki. Mwaka 1951 alikuwa anawaza namna ya kuwasaidia wapiga mbizi wa jeshi la majini la Marekani, akajiuliza swali ambalo hata mtoto angeweza kuliuliza: hivi ni lazima mtu awe mkavu ndipo asisikie baridi? Akaona si lazima. Kinachozuia joto lisitoke ni viputo vya gesi vilivyofungiwa ndani ya kitu kama sponji. Maji yakiingia yaingie, mradi yawe kidogo na yasiwe yanaingia na kutoka. Blanketi ni viputo. Mhandisi Willard Bascom akampendekezea povu la neopreni, mpira wa viwandani ambao kampuni ya DuPont ilikuwa imeuvumbua mwaka 1930.

Viputo navyo vina udhaifu wake. Ukishuka mita 10 tu, shinikizo linakuwa maradufu ya lile la juu, viputo vinabanwa, suti inakuwa nyembamba. Yaani inapungua nguvu kule kule unakoihitaji zaidi. Mpaka leo ndivyo ilivyo.

Jeshi halikuichangamkia. Kulikuwa na wasiwasi kwamba gesi iliyomo ingefanya askari aonekane kwa urahisi kwenye mitambo ya sona. Bradner hakutajirika. Majina yaliyovuma ni ya wenye maduka: Jack O'Neill wa San Francisco, na mapacha Bill na Bob Meistrell wa kusini mwa California. Sina ugomvi nao, biashara waliijua. Ila kwa miongo kadhaa watu waligombania ni nani kati yao mvumbuzi, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 makaratasi ya Bradner yalipochambuliwa. Alifariki mwaka 2008, akiwa na miaka 92.

Sasa twende Korea Kusini, kisiwani Jeju. Huko kuna wanawake waitwao haenyeo, wanawake wa bahari. Hawabebi mtungi, wanabana pumzi, wanashuka, wanang'oa abaloni na mwani, wanapanda. Kwa vizazi walizama na vazi la pamba tu, hata majira ya baridi bahari ikiwa na nyuzi 10, hata wakiwa wajawazito. Wakitoka walikimbilia kuota moto ndani ya boma la mawe liitwalo bulteok, kisha wanarudi tena majini.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa fiziolojia Hong Suk-ki na wenzake waliwapima wanawake wa kazi hii. Joto la ndani ya mwili lilikuwa linashuka mpaka nyuzi 35 kabla hawajatoka. Lakini la kushangaza lilikuwa hili: wakati wa baridi miili yao, hata ikiwa imepumzika, ilichoma chakula kwa kasi ya takriban asilimia 30 zaidi kuliko kiangazi. Majirani zao wasiozama hawakuwa na badiliko hilo. Walichelewa pia kuanza kutetemeka. Hawakuzaliwa hivyo, walitengenezwa na kazi.

Miaka ya 1970 suti ya neopreni ikafika. Dakika chache za majira ya baridi zikawa saa kadhaa mfululizo. Hong akaendelea kupima, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ule uwezo ulikuwa umeyeyuka. Ndani ya miaka michache mwili ulikuwa umeacha kazi ambayo mpira uliichukua. Wapo wanaolisimulia jambo hili kwa huzuni. Mimi siwezi. Anayetaka mwili wa ajabu ubaki, avae yeye hiyo pamba mwezi wa kwanza.

Na si kila kitu kilipotea. Mwaka 2025 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba watu wa Jeju, wazamao na wasiozama, wana tofauti ya kijenetiki inayohusishwa na kustahimili baridi.

Haenyeo wamebaki wachache, wengi wakiwa na zaidi ya miaka 60. UNESCO iliuweka utamaduni wao kwenye orodha ya urithi mwaka 2016. Suti waliipokea, lakini mtungi wa hewa wameukataa: ukiwa na suti na mtungi, utamaliza abaloni wote wa kijiji. Kwa hiyo wanashuka na joto la Bradner, na pumzi yao wenyewe.