Mahame ya Gede

Wanafunzi wazurupo pwani yetu huwa na haraka ya kufika Ngome ya Yesu, Mombasa. Haraka hiyo haishangazi. Ngome ina mizinga, na kisa chake kinajulikana: Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaizingira mwaka 1696 na kuitwaa mwaka 1698. Aliyeshinda na aliyeshindwa, wote wameandikwa.

Lakini karibu na Watamu, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, yako mahame ya Gede, mji ambao haukupata mwandishi. Wareno walikaa Malindi, mwendo wa saa chache tu kwa miguu, wala hawakuutaja. Basi atakaye kuijua habari yake hana budi kuyasoma mawe.

James Kirkman alianza kuufukua mji huo mwaka 1948. Kwa kuwa majina ya wenye nyumba yamepotea, nyumba ziliitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, na kadhalika. Kaburi moja lina tarehe, mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Vilipatikana pia vigae vya vyombo vya China, navyo vyatosha kutuonyesha biashara ya watu hao ilifika wapi.

Je, walikuwa nani? Vitabu vya zamani viliwapa wageni wa Uarabuni na Uajemi sifa yote ya kujenga miji ya mawe. Sifa hiyo ilizidi kiasi. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti, ya tangu karne ya 8. Mji ulikua hapo hapo, mikononi mwa wenyeji. Wageni waliukuta na kuuongezea.

Gede ulihamwa katika karne ya 17. Wataalamu wametaja mashambulio ya Wazimba na kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini. Mimi huona kisima kina ushahidi mzito zaidi. Kiko kando ya msikiti mkuu, nacho kilichimbwa, kisha kikachimbwa tena chini zaidi, kwa kuwa maji yalikuwa yakishuka. Ukifika, msomaji, inama ukitazame kabla hujaiendea jumba la mfalme.