Bagamoyo: Pwani Ilikoishia Njia ya Tabora

Bagamoyo, mji wa kihistoria ulioko mkoani Pwani, takriban kilomita 75 kaskazini mwa Dar es Salaam, hupokea watalii wanaofuata fukwe, magofu ya Kaole na, kaskazini zaidi, Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Hata hivyo, utajiri wake wa kale ulitoka bara, mabegani mwa watu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walisafirisha pembe za ndovu kupitia Tabora katika njia ya takriban kilomita 1,200 kutoka Ujiji. Watumwa walitembezwa humo humo, wakiwa minyororoni. Mwili wa David Livingstone ulipitishwa Kwihara, jirani na Tabora, mwaka 1873, ukafikishwa Bagamoyo Februari 1874. Tembe alimoishi mwaka 1872 sasa ni makumbusho, mbali mno kwa mgeni wa siku moja ufukweni.