Shule ya Tanga na watoto walioingia humo tangu 1893

Shule ya kwanza ya serikali katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ilifunguliwa Tanga kati ya 1892 na 1893. Mwalimu wake wa mwanzo alikuwa Christian Barth, aliyegharimiwa na Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani, na baada ya miaka michache serikali ikaichukua shule hiyo. Watu wa pwani walikuwa wakisoma na kuandika zamani kabla ya hapo. Watoto walikwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na mtunzi wa Tanga, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, alivisimulia vita vya Wadachi katika utenzi mrefu ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barth alikuja na herufi za Kirumi na hesabu za ofisini.

Wazazi Waislamu waliishuku shule hiyo, wakihofia watoto wao watabatizwa. Gavana Julius von Soden aliona kuwa njia ya kuwatuliza ni kuruhusu dini yao ifundishwe shuleni, lakini misheni zilimpinga vikali na mpango ukafa. Kilichobaki ni shule isiyofundisha dini yoyote, inayosomesha kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo ilivyopata wanafunzi wake: watoto wa pwani, wengi wao Waislamu, ambao shule za misheni zisingewapata kamwe. Majumbe na maakida walishinikizwa kuwaleta wana wao, na bweni likawapokea vijana waliotoka bara. Wote walikuwa wavulana.

Kazi ya shule ilikuwa kutoa makarani, wakalimani, walimu na maakida. Kufaulu kulimaanisha kijana kuweza kuandika ripoti ya kodi kwa hati inayosomeka na kumpelekea bwana shauri, yaani ofisa wa Kijerumani wa wilaya, bila makosa. Mkuu wa shule, Paul Blank, aliongeza mafunzo ya mikono, na katika karakana ya uchapaji wanafunzi walipanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, mpaka ukurasa ukakamilika. Gazeti la Kiongozi lilitoka katika karakana hiyo kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lilisomwa na makarani na walimu waliotawanyika vituoni kote nchini, wengi wao wamesoma hapo hapo. Ni vigumu kupata shule nyingine ya enzi hiyo iliyosaidia kiasi hicho kukifanya Kiswahili cha herufi za Kirumi kuwa lugha ya shughuli za serikali.

Hata hivyo ilikuwa shule ya wachache. Kufikia 1914 shule zote za serikali nchini zilikuwa na wanafunzi wapatao 6,000, wakati zile za misheni zilikuwa na zaidi ya 100,000. Tofauti hiyo ilionekana hata ndani ya mkoa wa Tanga. Huko Bonde, misheni ya Kianglikana ya Magila ilikuwa imeanza kufundisha tangu karne ya 19, na vijana wake bora walipelekwa Kiungani, Unguja. Mmoja wa waliosoma Kiungani alikuwa Martin Kayamba, mzaliwa wa ukoo wa Kilindi. Mwaka 1922 alianzisha mjini Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, ambamo Waislamu na Wakristo walikaa pamoja.

Waingereza, walioshika nchi baada ya vita, waliifungua tena shule ya Tanga, lakini hawakuipa nafasi yake ya zamani. Mwaka 1925 walianzisha shule ya Tabora kwa wana wa machifu, na Kiingereza kikawa ngazi ya kupandia kazi kubwa. Kijana wa pwani aliyekuwa na Kiswahili kizuri na elimu ya chuoni alijikuta nyuma ya aliyefundishwa Kiingereza na wamisionari. Pengo lililoonekana baadaye katika matokeo ya mitihani lina mzizi hapo. Waliolieleza kuwa uvivu wa watu wa pwani hawakuitazama historia hii.

Wakati huo mji wenyewe ulikuwa umebadilika. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ulivuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Unyamwezi, Ubena, Burundi na Msumbiji, na watoto wao wakazaliwa Muheza, Korogwe na Pangani. Shule zilitengwa kwa rangi. Wahindi walikuwa na zao, kama ile ya Karimjee, ambayo leo ni Usagara. Jina la sekondari ya Galanos linatokana na Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Utengano huo ulifutwa kisheria mwanzoni mwa 1962. Ada za sekondari zikaondolewa 1964, na sheria ya 1969 ikazitia shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali.

Mtindo wa kuwapangia wanafunzi shule za mikoa ya mbali uliingiza lahaja zote za nchi katika bweni moja. Katika miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza zikagawanywa kwa mgao wa mikoa, ili mkoa wenye shule chache usiachwe mikono mitupu. Shule ya kale ya Tanga ikawa ya ufundi, na vijana wake wakafanya mitihani ya umeme, useremala na uashi pamoja na hisabati. Korogwe ilipata sekondari ya wasichana. Mpaka hapo sekondari za serikali zilichagua wachache mno miongoni mwa waliomaliza darasa la saba, na ufaulu wake wa juu ulitokana kwa kiasi kikubwa na mchujo huo.

Mchujo ulilegea pale Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza 2004 na kila kata ikahimizwa kujenga shule yake. Majengo yalitangulia walimu na maabara. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo zaidi ya watahiniwa 240,000 nchini walipata sifuri, yalisikitisha taifa zima hata yakafutwa na kupangwa upya. Kuyalinganisha na yale ya miaka ya 1970 ni kulinganisha watoto wa karibu kila nyumba na wachache waliochaguliwa.

Kuanzia 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi cha sita. Wasichana, ambao hawakuwa na dawati katika shule ya Barth, sasa ni wengi kuliko wavulana katika kidato cha kwanza nchini. Novemba 2021 serikali iliwaruhusu waliokatishwa masomo na ujauzito warudi darasani. Katika wilaya za pwani, ambako ndoa za mapema zimewatoa wengi shuleni, ruhusa hiyo ina uzito mkubwa.