Printa ya leza kwa biashara ndogo (Tanga na pwani ya kaskazini)

Printa ya leza ni mashine ya kuchapa inayochora ukurasa kwa mwali wa leza juu ya dramu yenye chaji ya umeme, ikapaka unga wa tona mahali palipochorwa, ikauhamishia unga huo kwenye karatasi na kuuyeyusha kwa joto ili ushike. Kuanzia Horohoro mpakani, kupitia Tanga mjini na Muheza, hadi Pangani na Bagamoyo, ndiyo mashine inayolisha maduka ya steshenari, ofisi za mawakala wa forodha, shule binafsi na ofisi za mawakili. Makala haya yanahusu jinsi biashara ndogo ya ukanda huo inavyoweza kuchagua printa ya nyeusi na nyeupe isiyoifilisi. Bei ya kununulia mashine ni sehemu ndogo ya hesabu. Wino, fundi, umeme na hewa ya bahari huchukua fedha nyingi zaidi kabla mashine haijafa.

Asili

Uchapaji si mgeni Tanga. Katika utawala wa Wajerumani shule ya serikali ya mji huo ilikuwa na mitambo yake ya kuchapa, na hapo ndipo lilipotoka gazeti la Kiswahili la Kiongozi, lililosomwa na makarani, walimu na maakida hadi Vita Kuu ya Kwanza. Herufi za risasi za wakati ule hazina undugu na leza. Mzizi wa leza ni jaribio la Chester Carlson, aliyefaulu kunakili maandishi kwa chaji ya umeme na unga mkavu huko Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938. Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox aliunganisha kanuni hiyo na leza, na mashine yake ya majaribio ilifanya kazi Palo Alto mwaka 1971. Xerox 9700 ya mwaka 1977 ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, wa benki na serikali kubwa.

Kwa mwenye duka la Makorora au Chumbageni, mwaka wenye uzito zaidi ni 1982. Ndipo Canon walipotoa mashine ndogo za fotokopi zenye katriji iliyobeba tona na dramu ndani ya ganda moja la kuchomoa na kurudisha. HP wakachukua injini ya Canon wakatengeneza LaserJet ya mwaka 1984, iliyochapa kurasa 8 kwa dakika na kuuzwa dola 3,495. Ganda lile liliondoa haja ya fundi wa kampuni kuja kila mwezi. Tena, bila mwenyewe kukusudia, lilizaa kazi nyingine nzima: ya kufungua katriji iliyokwisha, kumimina unga mpya na kuifunga tena. Leo karibu kila mji wa Tanzania una mtu wa kazi hiyo.

Kazi za dukani

Steshenari ya Tanga huchapa vitu vya msimu. Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, wanafunzi hupanga foleni na fomu za kuchapa, kusainiwa, kugongwa mihuri na kuskaniwa tena. Walimu huleta mitihani ya majaribio, nakala mia mbili kwa mpigo. Wengine wanataka barua ya maombi ya kazi, cheti cha usajili wa jina la biashara kutoka BRELA, au nakala ya risiti ya EFD, kwa sababu karatasi ya EFD huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia ikikaa mahali pa moto. Hati nyingi hufika kwa WhatsApp kutoka kwenye simu ya mteja. Wakala wa forodha wa bandarini au wa Horohoro ana kazi tofauti: hachapi nyingi kwa siku, ila anayochapa haiwezi kusubiri, maana lori limesimama.

Kwa hiyo swali la kwanza ni idadi ya kurasa kwa mwezi. Watengenezaji hutaja kikomo cha mwezi, na namba hiyo husomwa vibaya. HP LaserJet P1102, mashine ndogo iliyoenea mno tangu mwaka 2010, ina kikomo cha kurasa 5,000. Lakini hicho ni kilele, si mwendo wa kila siku, na HP wenyewe walipendekeza kati ya kurasa 250 na 1,500. Duka linalochapa kurasa 200 kwa siku limeshalivuka pendekezo hilo zaidi ya mara tatu. Mashine haitakufa wiki ile ile. Itaanza kuvuta karatasi mbili mbili, kisha filamu ya fyuza, yaani sehemu inayoyeyusha unga kwa joto, itachanika, kisha mwenye duka atasema printa za siku hizi ni mbovu.

Katriji huamua

Kabla ya kuuliza bei ya mashine, ulizia katriji yake kwenye maduka matatu ya mjini. Kama yote matatu hayana, au lipo moja tu linaloagiza Dar es Salaam, acha. Basi la Dar hufika, lakini mteja wa fomu ya saa nane hasubiri basi.

Katriji za HP namba 12A, 85A na 05A zinajulikana na mafundi wengi kwa sababu mashine zake zilienea ofisini kwa miaka mingi. 12A imekadiriwa kutoa kurasa 2,000, 85A kurasa 1,600, na 05A kurasa 2,300. Makadirio haya hufuata kipimo cha kimataifa ambacho ukurasa wake wa majaribio hufunikwa na wino kwa takriban asilimia 5, yaani barua ya kawaida. Mtihani wenye michoro ya Baiolojia au nakala ya kitambulisho chenye mandhari nyeusi hula zaidi ya hapo, na ndiyo maana muuzaji na mnunuzi hugombana juu ya katriji iliyoisha mapema bila yeyote kudanganya.

Tuchukue mfano wa hesabu, kwa bei za kukisia. Katriji ya asili ikiwa shilingi 250,000 kwa kurasa 1,600, wino wa ukurasa mmoja ni shilingi 156. Katriji mbadala ya shilingi 40,000 inayotoa kurasa hizo hizo inashusha gharama hadi shilingi 25. Rimu ya karatasi 500 kwa shilingi 15,000 inaongeza shilingi 30 kwa karatasi. Mwenye duka anayetoza 200 kwa ukurasa, akitumia wino wa asili, anabakiwa na shilingi 14 za kulipia umeme, pango, kijana wa kaunta na mashine yenyewe. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini wengi hujaza upya, na haina haja ya mahubiri.

Kujaza upya kuna ubora wake na uchafu wake. Fundi mzuri hufungua katriji, humwaga unga taka uliokusanyika pembeni, hufuta dramu kwa kitambaa laini mbali na mwanga mkali, hubadilisha dramu au bapa la kufutia likichakaa, ndipo hutia unga unaoendana na mashine ile. Fundi wa haraka hutoboa tundu, humimina, huziba kwa gundi. Kazi ya pili hutambulika kwa kivuli cha kijivu ukurasani, na kwa unga unaodondokea ndani ya printa mpaka ukachafua kioo cha leza. Ganda lilelile hustahimili kujazwa mara chache tu kabla dramu haijatoa mistari.

Mashine mpya zaidi zina kufuli. HP LaserJet Pro M404 hutumia katriji 59A yenye chipu, na programu ya ndani ya mashine inaweza kukataa chipu isiyo ya HP, wakati mwingine baada ya sasisho lililoshuka lenyewe kwa intaneti. Baadhi ya mashine za HP ambazo namba zake huishia na herufi e zimeuzwa kwa masharti ya HP+: lazima zibaki zimeunganishwa na intaneti na zitumie wino wa HP peke yake. Kwa ofisi ya Frankfurt huenda ni sawa. Kwa duka la Pangani ambalo bando la intaneti hununuliwa kwa siku, mashine hiyo haifai hata ikitolewa bure.

Njia nyingine ni kutenganisha dramu na tona. Brother hufanya hivyo, na Kyocera kwa mfumo wao wa ECOSYS wamefika mbali zaidi: katika M2040dn, mashine inayochapa, kunakili na kuskani, tona ya TK-1170 imekadiriwa kurasa 7,200 na dramu kurasa 100,000. Bei yake ya kuanzia huogopesha. Duka lenye kurasa 5,000 kwa mwezi litairudisha tofauti hiyo, mradi mjini pawe na mtu anayeijua; Kyocera iliyoharibika mbele ya fundi aliyezoea HP tu huwa meza ya kuwekea rimu.

Mpya au mtumba

Printa nyingi za ofisi zinazouzwa nchini zimeshatumika Ulaya au nchi za Ghuba. Hapa makala haya yana upande: kwa fedha ileile, mashine ya ofisi iliyotumika, kama P2055dn au M402, ni bora kuliko mashine mpya ya mezani ya daraja la chini. P2055dn iliundwa kwa kikomo cha kurasa 50,000 kwa mwezi, trei yake inabeba karatasi 250, na inachapa pande mbili yenyewe, jambo linalopunguza karatasi ya mitihani kwa nusu.

Ila mtumba hukaguliwa. Mwambie muuzaji achape ukurasa wa usanidi. Katika mashine nyingi za ofisi ukurasa huo hutaja idadi ya kurasa zilizokwisha kuchapwa tangu kiwandani. Mashine yenye 40,000 ni kijana, yenye 300,000 imeshazeeka, na isiyotaka kuonyesha namba ina jambo. Kisha chapa kurasa ishirini mfululizo, si moja. Sugua maandishi kwa kidole yakingali moto: yakifutika, fyuza imechoka. Mistari inayojirudia kwa umbali sawa hutoka kwenye kitu kinachozunguka, dramu au rola, na dramu hubadilishwa pamoja na katriji kwa gharama ndogo. Soma pia kibandiko cha nyuma. Mashine za Marekani huja kwa volti 110 hadi 127, na fyuza yake ikichomekwa kwenye volti 230 za hapa huungua papo hapo.

Katriji nayo hukaguliwa. Ya bandia ni suala la kisheria, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye mamlaka ya kukamata bidhaa zilizobandikwa nembo zisizo zake. Katriji mbadala yenye jina lake yenyewe ni halali. Boksi lenye nembo ya HP kwa robo ya bei si halali, na wino wake mara nyingi ni mbaya kuliko wa ile ya mbadala isiyojificha.

Hewa ya pwani

Mwongozo wa kiwandani haukuandikwa kwa ajili ya Raskazone. Masika, kati ya Machi na Mei, karatasi iliyoachwa wazi usiku kucha hufyonza unyevu. Ikipita kwenye fyuza yenye joto la karibu nyuzi 200, maji hutoka kama mvuke, karatasi inajikunja, inakwama, au wino haushiki sawasawa. Fundi hulaumiwa, printa hulaumiwa, na kosa ni la rimu. Dawa yake ni kutofungua rimu mpaka itakapohitajika, kuzihifadhi juu ya ubao badala ya sakafuni, na jioni kutoa karatasi kwenye trei na kuzirudisha ndani ya mfuko wake. Karatasi ya gramu 80 huvumilia kuliko ile nyepesi ya bei ya kutupa.

Chumvi ni adui wa polepole. Maduka yaliyo karibu na maji hupata kutu kwenye miguso ya chuma inayopeleka umeme katika katriji. Kitambaa kikavu kila mwezi hutosha. Kifuniko cha nguo usiku huzuia vumbi na mende, ambao hupenda joto linalobaki ndani ya mashine.

Umeme

Fyuza ndiyo inayokula umeme. P1102 hutumia takriban wati 360 ikichapa, P2055dn zaidi ya 500, na inapowaka kwanza huvuta kwa mshtuko. UPS ndogo ya kompyuta huzidiwa, kwa hiyo printa ya leza haichomekwi humo. Kompyuta ibaki kwenye UPS, printa iende ukutani kupitia kinga ya volti. Umeme unaokatika katikati ya kazi huacha karatasi kwenye fyuza. Ivutwe kwa mikono miwili taratibu, kwa upande inakoelekea, mashine ikiwa imechomolewa na imepoa. Kuinyofoa kwa kisu ndiyo njia ya haraka ya kununua filamu mpya.

Mahali pa sola, katika vijiji vya Mkinga au upande wa Saadani, leza hushindwa na hesabu. Printa za tangi la wino, kama Epson za L3110 na L3250, hutumia wati chache tu zikichapa, huendeshwa na inveta ndogo, na huchapa rangi. Zina udhaifu wake: wino wa maji huvuja rangi ukilowa, mwendo ni wa taratibu, na zikikaa wiki kadhaa bila kazi matundu ya wino hukauka. Maduka kadhaa mjini huziweka zote mbili, tangi kwa picha na vyeti vya rangi, leza kwa mitihani na fomu. Leza ya rangi haipendekezwi kwa biashara ndogo: ina katriji nne, na mteja anayetaka ukurasa wa rangi kwa bei ya kuilipia ni nadra.

Mwisho, mbali na umeme, katriji ya asili iliyokwisha kwa mara ya kwanza isitupwe. Mafundi huipenda kuliko mbadala iliyokwisha, kwa kuwa ganda na dramu yake hustahimili zaidi, na wengi wako tayari kuinunua au kuipokea kama sehemu ya malipo. Unga uliomwagika ndani ya duka hufutwa kwa kitambaa chenye maji baridi. Maji ya moto huuyeyusha ukashika, na fagio huurusha hewani mpaka kwenye koo za wateja.