Uthibitisho wa kihisabati: mashine hukagua, lakini nani anasoma?

Katika soko la Kamembe, wilayani Rusizi, muuza machungwa hupanga fungu lake kwa namna inayojulikana kote: safu ya chini hubanwa sawasawa, kisha kila chungwa la juu hukalishwa katika kishimo kinachoachwa na yale ya chini. Ng'ambo ya mto, katika masoko ya Bukavu, mpangilio ni huo huo. Hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba nafasi haipotei sana hivyo. Kulithibitisha jambo hilo, hata hivyo, kuliwachukua wanahisabati karibu miaka 400, na mwishowe kukazua swali jingine: uthibitisho uandikwe kwa ajili ya nani, mashine inayoukagua au mtu anayetaka kuuelewa?

Mwaka 1611 Johannes Kepler alidai kwamba hakuna mpangilio wa mipira yenye ukubwa sawa unaoweza kujaza zaidi ya takriban asilimia 74 ya nafasi, na kwamba mpangilio wa fungu la machungwa hufikia kiwango hicho. Mwaka 1998 Mmarekani Thomas Hales, pamoja na mwanafunzi wake Samuel Ferguson, alitangaza uthibitisho. Ulikuwa na kurasa zipatazo 300, zikiambatana na programu za kompyuta na hesabu nyingi mno. Jarida la Annals of Mathematics liliteua wahakiki 12. Baada ya miaka kadhaa walieleza kwamba wana uhakika wa asilimia 99, lakini hawawezi kuzihakiki hesabu zote za kompyuta. Kwa mfanyabiashara, asilimia 99 ni neema. Kwa mwanahisabati, ile moja iliyobaki ni deni.

Hales aliamua kulilipa. Mradi wake ulioitwa Flyspeck, uliotangazwa mwaka 2003 na kukamilika Agosti 2014, uliandika upya uthibitisho wote kwa kutumia visaidizi vya uthibitisho. Hizi ni programu zinazopokea hoja hatua kwa hatua na kukataa hatua yoyote isiyotokana na kanuni za mantiki. Programu yenyewe inaweza kuwa kubwa, lakini uamuzi wa mwisho huachiwa kiini kidogo chenye kanuni chache, ambacho mtu anaweza kukikagua kwa macho yake. Wazo la kuikabidhi mashine kazi hiyo lilianza kutekelezwa na Mholanzi N. G. de Bruijn, mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mfumo wake wa Automath.

Tatizo ni jinsi uthibitisho huo unavyoandikwa. Katika mifumo mingi mwandishi huipa mashine amri tupu: fungua dhana ya kwanza, badilisha, rahisisha, maliza. Maandishi ya namna hiyo yanafanana na kumwelekeza mgeni kwa kumwambia "kata kulia, kata kushoto, nenda mbele" bila kutaja hata mtaa mmoja. Gari litafika, lakini anayesoma maelekezo akiwa nyumbani hajui limepita wapi. Amri moja ikiharibika, kwa mfano baada ya programu kuboreshwa, hata aliyeziandika hujikuta amepotea.

Njia ya pili ni kuandika kinachojulikana katika kila kituo. Mfumo wa Mizar, ulioanzishwa na Andrzej Trybulec nchini Poland mwaka 1973, ulijengwa juu ya wazo hilo. Mwaka 1999 Markus Wenzel, mjini Munich, alileta lugha ya Isar kwa ajili ya Isabelle, kisaidizi kilichoasisiwa na Lawrence Paulson wa Cambridge katika miaka ya 1980. Maneno yake makuu ni ya Kiingereza chepesi, yenye maana ya "chukulia", "pata", "kwa hiyo" na "onyesha". Kwa Kiswahili, uthibitisho kwamba jumla ya namba mbili witiri ni namba shufwa ungekuwa na umbo hili:

Chukulia a ni witiri na b ni witiri.
Pata m ambayo a = 2m + 1, na n ambayo b = 2n + 1.
Kwa hiyo a + b = 2(m + n + 1).
Onyesha: a + b ni shufwa.

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuufuata bila kompyuta. Mashine nayo hukagua kila mstari, na ikikwama husema ni mstari upi.

Wapo wanaoona usomekaji huo kuwa pambo, kwa kuwa mashine imekwisha kuridhika. Hoja hiyo ni dhaifu. Mashine huthibitisha kwamba hatua zinafuatana. Haiwezi kujua kama kilichothibitishwa ndicho mtu alichokusudia. Mfano mmoja unatosha. Katika Isabelle, na pia katika Lean, kisaidizi kinachotumiwa sana sasa, kutoa 5 katika 3 kwa namba za kuhesabia huleta 0, kwa sababu namba hizo hazina hasi. Mchuuzi wa Kamembe mwenye faranga 3,000 anayedaiwa 5,000 angefurahi kusikia hivyo: amebaki na sifuri, deni limetoweka! Nadharia iliyojengwa juu ya utoaji huo ni sahihi kwa mashine, lakini msomaji asiyeijua desturi hiyo ataielewa vingine. Ni jicho la binadamu tu linaloweza kuigundua tofauti hiyo, na jicho haligundui lisichoweza kukisoma.

Hales alilijua hilo. Sehemu kubwa ya Flyspeck iliandikwa katika HOL Light, ambako mlolongo wa amri ndio desturi, na sehemu moja katika Isabelle. Mwaka 2012 alichapisha kitabu kizima kinachoeleza uthibitisho kwa lugha ya watu, kikiwa ramani ya kuongoza kazi ya kompyuta. Kwa ramani hiyo, wanahisabati vijana wa Vietnam, wengi wao wakiwa Hanoi, walibeba sehemu kubwa ya mzigo.

Isabelle hupatikana bure, na ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti. Maneno yake ya amri hayabadiliki, lakini majina ya nadharia na maelezo yanayoandikwa kati ya hatua yanaweza kuwa katika lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi nchini Rwanda. Istilahi zipo tayari: shufwa, witiri na namba tasa zimo katika vitabu vya shule vya Tanzania. Mwanafunzi akiipa nadharia yake jina la "jumla_ya_witiri", mashine haitajali, ila jirani yake wa Bukavu atajua inahusu nini.