Wodi Zisizo na Watu

Mtoto wa dada yangu ana studio ya picha hapa Kahama mjini. Siku moja aliniita nione kitu kwenye kompyuta. "Mjomba, hebu cheki hii." Ukumbi mrefu, rangi ya kijani imebanduka ukutani kama magamba ya samaki, kitanda cha chuma kimebaki peke yake, jua linapenya kwenye dirisha la nondo. Ni hospitali ya wagonjwa wa akili huko Marekani, ilishafungwa zamani. Nikakiri ni picha nzuri. Halafu akauliza: "Na sisi twende tukapige ya kwetu. Ile ya kwetu iliyotelekezwa iko wapi?"

Picha za aina hiyo zina mabwana zake. Anayejulikana zaidi ni Christopher Payne, aliyezunguka hospitali 70 katika majimbo 30 ya Marekani, na mwaka 2009 akatoa kitabu, Asylum, chenye insha ya daktari Oliver Sacks. Mwaka 1955 hospitali za majimbo kule zilikuwa na wagonjwa zaidi ya laki tano na nusu. Ndipo zikaja dawa mpya kama klopromazini, ikaja sheria ya Rais Kennedy ya 1963 ya kuwahudumia watu karibu na kwao, wodi zikaanza kumwagwa. Wengi waliotoka waliishia barabarani au gerezani. Hao hawamo kwenye picha. Picha ina kitanda tu.

Kwetu je? Lutindi, kule milima ya Usambara juu ya Korogwe, Wajerumani waliianzisha mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa na Waingereza mwaka 1927. Zote mbili zinafanya kazi hadi leo. Kwa hiyo jibu la kijana wangu ni fupi: haipo. Hatujawahi kuwa na vitanda vya ziada vya kuachia popo. Na tuseme ukweli, jengo likihamwa huku kwetu, mwezi haupiti kabla mabati hayajapata mwenyewe na fremu za milango hazijawa kuni. Nani atakuachia ukuta ubanduke kwa madaha miaka thelathini?

Lakini swali lake halikuniacha, maana sisi Mirembe tunaifahamu kwa njia ya reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Tabora kwenda Mwanza likakamilika 1928, mwaka mmoja tu baada ya hospitali. Kuanzia hapo mgonjwa wa Usukumani aliweza kupandishwa treni Isaka, akashushwa Dodoma. Neno lenyewe, ambalo kwa Waganda ni "amani", kwetu likawa tusi: wewe vipi, umetoka Mirembe?

Baba yangu mdogo alitoka Mirembe. Alipandishwa treni Isaka mwaka 1974 na ndugu wawili, baada ya waganga kula ng'ombe wanne bila nafuu. Alirudi mwaka uliofuata ametulia, akaoa, akalima mpunga, akalea. Mpango wa serikali wa kusogeza huduma ya akili mikoani, uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ulianza 1980, tena Kilimanjaro na Morogoro. Shinyanga tulisubiri. Yeye akaitwa "yule wa Mirembe" mpaka alipofariki mwaka 2003. Kila mpiga picha alipoletwa harusini, kulikuwa na mtu wa kumtuma baba mdogo akaangalie ng'ombe. Hatuna picha yake hata moja. Kosa hilo ni letu, na mimi nilikuwepo.

Ndiyo maana ukuta uliobanduka haunitoshi. Italia, mwaka 1969, Carla Cerati na Gianni Berengo Gardin walitoa kitabu cha picha walizopiga wodi zikiwa bado zimejaa, na daktari Franco Basaglia na mkewe Franca ndio walioliandaa chapisho hilo. Watu walipoziona walishtuka. Mwaka 1978 ikapita Sheria namba 180 ya kuzifunga hospitali zile. Lakini hata hapo najiuliza: wale waliopigwa picha wamejikunyata sakafuni, nani aliwaomba ruhusa?

Njia ninayoielewa zaidi ni ya Willard, jimbo la New York. Ilipofungwa mwaka 1995, darini yalikutwa masanduku kama 400 ya wagonjwa, yana nguo, barua, sahani. Jon Crispin aliyapiga picha moja moja. Majina ya ukoo hakuruhusiwa kuyaonyesha.

Nilipomsimulia hilo, kijana akanitazama. "Babu hakuacha sanduku?"

Aliacha, la bati, lile alilopanda nalo treni. Jumamosi tukaenda kijijini. Mama mdogo analiwekea mbegu za karanga.

"Shikamoo bibi. Naomba nilipige picha sanduku la babu."

"Marahaba. Liko wazi hivyo?" Akalifunga, akalifuta vumbi kwa upande wa kanga, akalivuta hadi mlangoni kwenye mwanga. Kisha akaketi juu yake.

"Haya, piga."